Uji Niliouandika

Wadogo zangu wa wodi ya upasuaji wanaume, kabla sijarudisha funguo za kabati la dawa mliniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kazi. Mlitaka ya kuchekesha. Yapo, na machache nimeyaweka humu. Lakini katika wiki yangu ya mwisho, yule daktari kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo alituambia wakati wa chai kwamba huko sasa watu wanene wanapasuliwa matumbo ili wakonde. Mlicheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja wenu akasema, "Huku si wangeunga tu foleni ya unga?" Mie niliondoka nikaenda kunawa mikono iliyokuwa safi. Mkadhani nimechukia mzaha. Sikuchukia. Nilimkumbuka mtu, na habari zake ndizo nitakazozieleza zaidi.

Nianze na siku ya kwanza. Nilifika hapa Temeke mwaka ule wa uhuru, nikitokea chuo cha misheni kule kusini, na sanduku la mbao na jozi moja ya viatu vyeupe. Hospitali ilikuwa majengo machache ya bati, na ukisimama getini uliona mikorosho kila upande. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Theodora, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari walichomekea mashati wakisikia viatu vyake. Hakutaka kuona cheti changu. Alinipeleka kwenye kitanda cha kwanza, akaniambia nihesabu mapigo ya mgonjwa kwa dakika nzima. Nilihesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili. Akanirudisha nianze upya.

"Mgonjwa atakudanganya kwa sababu anakuogopa," aliniambia. "Ndugu zake watakudanganya kwa sababu wanampenda. Mapigo hayakuogopi wala hayakupendi. Hesabu kwanza, ndipo uulize."

Vifaa vyetu mngevionea huruma. Bomba za sindano zilikuwa za kioo, tukizichemsha kila asubuhi, na sindano zenyewe tulizinoa kwenye jiwe. Glavu zilifuliwa, zikaanikwa kambani, zikajazwa hewa tuone zinapovuja, kisha zikazibwa viraka. Daktari wetu wa upasuaji aliwahi kuingia chumbani na glavu yenye viraka vitatu, akasema anajiona kama fundi baiskeli wa Tandika. Alipasua vizuri tu.

Kifaa kilichoheshimiwa kuliko vyote kilikuwa kitabu cha ripoti. Kiliandikwa kwa wino. Hukuruhusiwa kufuta wala kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika lililo sahihi chini, unatia jina lako. Sista Theodora alikisoma kila asubuhi kwa kidole, neno kwa neno. Kumbukeni utaratibu huo wa mstari mmoja. Ulikuwa rahisi kiasi hicho.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha alilazwa kwetu Bakari Likwena, mpishi wa kantini ya kiwanda, mwenyeji wa Lindi aliyekuwa akikaa Tandika. Alikuwa na vidonda vya tumbo vilivyofikia kumtapisha damu, na daktari aliamua kumkata zaidi ya nusu ya mfuko wa chakula. Alikuwa mnene kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumpokea. Kitanda namba sita kilipiga kelele alipokaa.

Unene wakati ule, nyie hamkuuona, ulikuwa kesi. Kwenye picha za magazeti mnyonyaji alichorwa na kitambi. Bakari alikuwa mwajiriwa kama mimi, na unene ule alizaliwa nao, lakini watu walimtazama kama aliyekula mgao wa mtaa mzima. Yeye mwenyewe alijikinga kwa mzaha.

"Dokta," alisema siku ya kutia sahihi ya kukubali kupasuliwa, "ukimaliza hilo la ndani, kata na hiki cha nje. Balozi wetu wa nyumba kumi anakiulizia kila mkutano."

"Hicho kitamaliza nyuzi za serikali," nikadakia mimi. Wodi nzima ikacheka. Bakari naye akacheka, ila alichelewa kidogo, nami niliona kwamba amechelewa. Nilikuwa hodari wa kuona. Kwenye chumba cha manesi nilimpa jina la Bwana Kupe, na wanafunzi wakalidaka kwangu.

Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa mwembamba na mwenye maneno machache. Kila siku wakati wa wageni alikuja kwa miguu kutoka Tandika na bakuli la uji wa mchele wenye ndimu, limefunikwa kitambaa. Siku ya kwanza nilimsimamisha mlangoni.

"Dada, huyu hali kitu. Hata maji hapewi."

"Najua, sista. Nimeelezwa na dokta."

"Sasa uji wa nini?"

"Nitaingiaje kwa mgonjwa mikono mitupu?"

Nilimpisha. Sikumuuliza uji ule unakwenda wapi. Nesi mwenye macho angeuliza.

Upasuaji wa tumbo si kazi ya chumba cha upasuaji tu. Siku za kwanza ndizo zinazoamua, na ni kazi ya manesi. Siku ya kwanza Bakari alikuwa na mpira puani unaotoa maji ya tumboni, na dripu mkononi. Hakuruhusiwa hata tone. Tulimpangusa midomo kwa pamba iliyoloweshwa, naye akawa anaing'ata ile pamba. "Tazameni, anakula pamba," nilisema. Siku ya pili tulimkalisha. Tulihitajika wanne, na tulihesabu moja-mbili-tatu kwa sauti kama wapakuzi wa bandarini. Nilimfundisha kukumbatia mto tumboni ndipo akohoe, ili makohozi yasimkae kifuani. Alikohoa huku machozi yanamtoka, akaniomba radhi kwa machozi.

Siku ya tatu daktari aliweka sikio lake tumboni, akasikia matumbo yanaanza kunguruma, akaruhusu maji: kikombe kimoja kidogo cha kupimia dawa kila baada ya saa. Ni mafunda matatu ya maji. Bakari alikipokea kwa mikono miwili, akanywa amefumba macho.

"Sista," alisema, "mie nimepikia watu masufuria kwa masufuria. Sikujua kama maji yana ladha."

Leo nikilikumbuka neno hilo nalisikia jinsi lilivyokuwa. Siku ile nilisema moyoni: mlafi.

Siku ya nne asubuhi tulitoa mpira wa puani. Mchana alikuwa mzima, anataniana na jirani yake wa kitanda namba saba, mzee mchonga vinyago wa Mtoni aliyeangukiwa na gogo la mpingo. Mguu wake ulining'inizwa kwa mawe, na hakuwa na ndugu hata mmoja hapa mjini. Jioni ile kitanda chake kilisukumwa kwenda chumba cha picha. Kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, nilipita kitanda namba sita nikamkuta Bakari anatoka jasho, ameshika tumbo, anasema bega linamuuma. Bi Zuhura alikuwa amesimama kando na bakuli mkononi. Lilikuwa tupu, lina utando wa uji.

Sikushika mkono wa mgonjwa. Niliuliza kwanza.

"Umempa uji."

"Hapana, sista. Nimempa yule baba wa..."

"Baba yupi? Unamwona hapo?"

"Wamemchukua sasa hivi."

"Mama, usinichezee. Bakuli tupu, tumbo la mumeo limejaa, na huyo baba hayupo."

"Sijala, sista," Bakari akasema kwa shida. "Wallahi sijala."

"Wewe nyamaza. Tumbo kama hilo lilikataa chakula lini?"

Mtu mmoja vitanda vya nyuma akacheka. Nilikipenda kicheko kile, nikaongeza sauti.

"Sema kweli, mama. Ama sivyo, kesho na keshokutwa geti hili hulipiti, na huyu atalala hapa bila mtu."

Alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Ninyi mnajua mtu wetu anavyofanya akikwama mbele ya mwenye sare. Anatafuta neno litakaloifunga shari.

"Basi, sista. Nisamehe. Nimempa kidogo."

"Vijiko vingapi?"

"Viwili." Akautazama uso wangu. "Vitatu."

Nikaridhika. Sasa ndipo nilipohesabu mapigo: mia na thelathini. Nikaenda mezani nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: *Saa kumi na moja jioni. Mgonjwa amepewa uji na mkewe, vijiko vitatu. Mke amekiri. Tumbo limejaa. Mapigo 130.*

Daktari wa zamu alisoma mstari ule kabla hajamgusa mgonjwa. Bakari alikuwa ameshachomwa sindano ya maumivu, pethidini, anasinzia na kupayuka. "Uji umeleta gesi," daktari alisema. "Rudisheni mpira, tumpumzishe, asubuhi tutaona." Mapigo yale, pamoja na maumivu ya bega, ambayo huonyesha tumbo linavuja ndani, kwa mgonjwa ambaye hakula kitu, yangemfanya amwite bingwa palepale. Lakini kitabu kilikuwa kimeshampa jibu.

Asubuhi tumbo la Bakari lilikuwa gumu kama ubao, na midomo imekauka. Daktari wa upasuaji alimgusa mara moja tu, akaagiza machela. Walikuwa naye ndani muda mrefu. Alipotoka alinikuta kwenye ubaraza, bado amevaa aproni ya mpira.

"Mshono mmoja wa utumbo uliachia," alisema. "Pengine atapona. Ila huo uji wako, sista, sikuuona. Nimekuta nyongo, na maji tuliyompa sisi. Rekebisha kitabu."

Hakunifokea. Alikwenda kunawa.

Mchana ule nilimpelekea chakula yule mzee wa kitanda namba saba. Alisogeza sahani, akatazama mlangoni.

"Yule mama wa uji haji leo?"

"Uji wake ulikuwa unakunywa wewe?"

"Siku zote nne. Jana nimemaliza wote, na bakuli nikalipangusa kwa kidole. Mwambie Mungu amjalie, maana mie hapa sina mtu."

Nilirudi mezani, nikafungua kitabu, nikafunga. Sista Theodora alikuwa amesimama dirishani anahesabu mashuka. Nikasema nitarekebisha akiondoka. Alipoondoka nikasema nitarekebisha kesho. Kesho yake niliandika habari za mshono ulioachia, kwenye ukurasa mpya, bila kuugusa mstari wa uji. Aliyesoma kurasa zote mbili aliamini kwamba uji ndio ulioachanisha mshono.

Na ndivyo walivyoamini. Dada yake Bakari, Bi Mwanahawa, alifika kutoka Kigamboni na pantoni ya kwanza, akasikia habari kwa wanafunzi wangu. Yeye ndiye aliyekaa na kaka yake wiki zote zilizofuata. Hakumruhusu wifi yake kuingia. Nilikuwa namwona Bi Zuhura nje ya uzio kila jioni, amesimama na bakuli lake. Alipata kijana wa kuliingiza, akamwagiza alipeleke kitanda namba saba.

Siku moja Bi Mwanahawa alinifuata mezani. "Sista, wifi yangu ameanza kukana. Eti hakumpa. Si kweli iliandikwa?"

Nilikuwa na kalamu mkononi.

"Iliandikwa," nilisema.

Tazameni neno hilo. Si uongo. Nililichagua kwa sababu si uongo.

Bakari alipona. Siku ya kuruhusiwa nguo zilimning'inia, na mkewe aliitwa aje kubeba mzigo. Nikawasindikiza mpaka mlangoni. Bakari akasimama, akamshika mkewe bega mbele yangu, mbele ya dada yake, na mbele ya wagonjwa waliokuwa wanaota jua.

"Sista, mbele yako wewe shahidi: nimemsamehe mke wangu. Kila mtu hukosea."

Bi Zuhura alinitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja.

"Umefanya vyema, Bwana Bakari," nikasema.

Kwa miaka iliyofuata alikuja kliniki mara kwa mara, maana aliyebakiwa na kipande cha tumbo hula kidogo kidogo kama ndege, na akizidisha anapata kizunguzungu na jasho. Alitembea na kikombe chake cha bati. Chakula chake alikipika dada yake, aliyehamia Tandika kwa kazi hiyo. Mkewe hakuruhusiwa kugusa sufuria ya mumewe. Wembamba ulimletea heshima: balozi alimsifu mkutanoni, watu wakasema sasa Bakari ni mjamaa kamili. Na kila alipokuja alisimulia kisa kwenye benchi.

"Mnamwona huyu mke wangu, mpole hivi? Nusura aniue kwa vijiko vitatu."

Benchi zima likacheka. Bi Zuhura naye akacheka, mkono mdomoni, akichelewa kidogo. Nami nikacheka.

Niliwapokea wagonjwa wengi baada yake. Niliwafundisha nyie kuhesabu mapigo dakika nzima, na mkaniita mkali, na mlipouliza kwa nini ninagombeza nesi anayefokea ndugu wa mgonjwa, nilisema ni adabu ya kazi. Sikuwaambia nilikoipata.

Siku yangu ya mwisho, mlipodhani naaga jikoni, nilikuwa stoo nyuma ya dobi. Nilikuwa na kalamu. Nilitaka kitabu cha mwaka ule nipige mstari mmoja na kutia jina langu. Nikakuta rafu nzima imeliwa na mchwa. Nilikishika kitabu kikabaki jalada na udongo. Kwa hiyo mstari wangu ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, nyumbani kwa watu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tandika. Walikuwa barazani. Bakari, mzee sasa, amekaa na kikombe chake cha bati. Bi Mwanahawa alikuwa kwenye jiko la mkaa. Bi Zuhura alikuwa mkekani, anachagua mchele kwenye ungo. Walinikaribisha kwa furaha, wakataka kuniletea kiti. Nilisema nitasimama. Nikawaeleza yote: bakuli, mzee wa namba saba, neno la daktari, ukurasa mpya, na lile "iliandikwa." Sikueleza sababu, maana kila niliyoijaribu njiani ilikuwa ya kunipendelea.

Bakari alikitazama kikombe chake. Kisha akamgeukia mkewe.

"Kwa nini hukuniambia, Zuhura?"

Hakuinua macho kwenye ungo. "Nilikuambia. Siku uliyorudi nyumbani, na Iddi mbili zilizofuata. Ukasema nesi ana kalamu ya serikali, hawezi kuandika uongo. Nikaacha."

Bakari akanitazama. Nikatazama ungo.

Baadaye akanyoosha mkono wenye kikombe, si upande wa jiko, upande wa mkeka. "Nichemshie uji," alisema. Bi Mwanahawa aliinuka kwa mazoea, kaka yake akamwashiria akae, naye akakaa.

Bi Zuhura alikitazama kikombe kile kana kwamba ameletewa cha mtu mwingine.

"Ngoja nimalize mchele," akasema.

Ungo ulikuwa umejaa. Aliuchagua wote, punje kwa punje, na sisi watatu tukamngoja.